MALI BILA DAFTARI
Somo la gharama zinazotolewa katika kodi ya mapato

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wa matawi uliopita, mzee mmoja alisimama akauliza suali ambalo baadhi ya vijana walilicheka. Alisema: "Mimi nimeuza karafuu za shilingi milioni tano. Katika hizo nimewalipa wachumaji, nimelipa palizi, nimelipa gari na magunia. Zilizokwenda ni milioni tatu, na mkononi nimebakiwa na mbili. Jee, Serikali itanitoza kodi juu ya zile tano zilizoandikwa kituoni, au juu ya hizi mbili nilizobaki nazo?"

Suali hili halikuwa la kuchekwa. Mtu aliyelifahamu suali hili ameshafahamu nusu ya elimu ya kodi. Nilimwahidi mzee wetu kuwa nitalijibu kwa maandishi ili wanachama wote wafaidike, na leo natimiza ahadi.

Jibu lake fupi ni hili: inategemea daftari lako. Mzee yule yule, mwenye mikarafuu ile ile na mavuno yale yale, anaweza kutozwa shilingi 100,000, au shilingi 30,000, au asitozwe kitu. Tafauti baina ya hizo tatu haiko shambani. Iko katika karatasi. Na tuanze mwanzo, tuende pole pole.

PATO NA FAIDA

Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa katika mlango wa zaka kuwa nafaka iliyonyweshwa na mvua hutolewa fungu moja katika kumi, na ile iliyonyweshwa kwa kazi ya mtu na gharama zake hutolewa nusu ya fungu hilo. Tizameni hekima yake. Aliyetumia zaidi kupata mazao hutakiwa kutoa kidogo zaidi. Kadhalika upo nisabu, yaani kiwango ambacho mwenye mali iliyo chini yake hatozwi kitu. (Zaka ya karafuu zenyewe ni mlango mwengine, nao nawaachia masheikh wetu.)

Kodi ya mapato imejengwa juu ya fikra iliyo karibu na hiyo. Fedha zote ulizouzia ni pato ghafi, au kwa maneno mepesi, mauzo. Ukitoa gharama ulizozitumia kupata mauzo hayo, kinachobaki ni faida. Asili ya kodi ya mapato ni kutozwa juu ya faida, wala si juu ya mauzo. Hapa ndipo ilipo tafauti yake na ushuru wa karafuu wa zama za Sultani na Waingereza, ambao ulikatwa juu ya karafuu zilizosafirishwa, ikiwa mwenye shamba kapata faida au kapata khasara.

Sheria inayotuhusu ni Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hivyo Sheria hii inatumika Unguja na Pemba kama inavyotumika Tanzania Bara, na anayeisimamia ni Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA. Wanachama wengi huchanganya ofisi hii na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, ambayo kabla ya mwaka 2022 ikiitwa Bodi ya Mapato Zanzibar. ZRA ina kodi zake, kama vile kodi ya ongezeko la thamani inayotozwa Zanzibar. Leo tunazungumza kodi ya mapato tu.

NJIA MBILI ZA KUTOZWA

Mtu binafsi mwenye biashara ndogo anaweza kutozwa kwa njia moja katika mbili.

Njia ya kwanza ni ya makadirio juu ya mauzo. Hii imewekwa kwa wafanyabiashara wadogo ambao pato lao lote ni la biashara iliyomo nchini na mauzo yao ya mwaka hayavuki mpaka uliowekwa. Mwaka 2019 mpaka huo ulipandishwa kutoka shilingi milioni 20 hadi milioni 100. Katika njia hii gharama hazitizamwi. Linatizamwa jedwali tu: umeuza kiasi gani, basi kodi yako ni kiasi hiki.

Lakini hata katika jedwali hilo, mwenye kuweka kumbukumbu hakulinganishwa na asiyeweka. Katika jedwali la mwaka 2019, mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hayakutozwa kitu. Mauzo yaliyopita milioni 4 na yasiyozidi milioni 7 yalitozwa hivi: asiye na kumbukumbu, shilingi 100,000, mwenye kumbukumbu, asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4.

Sasa mchukueni mzee wetu. Kauza milioni 5. Akiwa hana daftari, kodi yake kwa jedwali lile ni 100,000. Akiwa nalo, kilichozidi milioni 4 ni milioni 1, na asilimia 3 ya milioni 1 ni 30,000. Shilingi 70,000 zimeokolewa na daftari ambalo dukani halifiki thamani hiyo.

Njia ya pili ni ya hesabu kamili, yaani kutozwa juu ya faida. Aliyevuka mpaka wa mauzo hana hiari, lazima aifuate. Lakini sheria imempa na mdogo ruhusa ya kuichagua akitaka, kwa kukataa kutozwa kwa makadirio. Hapa ndipo gharama zinapotolewa. Kwa viwango vilivyokuwa vikitumika mwishoni mwa mwaka 2021, mtu binafsi hakutozwa kodi juu ya shilingi 3,240,000 za mwanzo za faida yake ya mwaka. Mzee wetu faida yake ni milioni 2. Kwa njia hii asingetozwa kitu.

Hizo ndizo zile 100,000, 30,000 na sifuri nilizozitaja.

Lakini msikimbilie njia ya pili nyote kwa pamoja. Hesabu kamili inataka kazi, na mara nyingi inamtaka mhasibu, naye hafanyi kazi bure. Mtu atakayemlipa mhasibu shilingi laki mbili ili kuokoa 30,000 amejidhulumu mwenyewe. Kwa mwanachama mdogo, njia ya makadirio pamoja na daftari safi mara nyingi hutosha. Njia ya pili ina maana zaidi kwa yule ambaye mauzo yake ni makubwa na gharama zake ni nyingi, kama tutakavyoona.

GHARAMA ZINAZOTOLEWA

Kipimo cha sheria ni kimoja: gharama itolewe ikiwa imetumika yote, na kwa ajili hiyo tu, katika kuzalisha pato la biashara. Kila shilingi uiulize suali hili: "Wewe ulikwenda kutafuta karafuu, au ulikwenda pengine?" Ikijibu kuwa ilikwenda kutafuta karafuu, iandike.

Kwa mkulima wa karafuu, hizi ndizo gharama za kawaida:

Kwanza, ujira. Wachumaji wanaolipwa kwa pishi, wanaochambua makonyo, wanaoanika na kulinda sakafuni, wanaofyeka na kupalilia.

Pili, vifaa vinavyokwisha: magunia, kamba, makapu, majamvi ya kuanikia, mapanga.

Tatu, uchukuzi. Gari ya kutoa karafuu shambani, na gari ya kuzipeleka kituoni.

Nne, kodi ya shamba au ya mikarafuu. Wako wenzetu wanaokodi mikarafuu ya mtu kwa msimu. Fedha wanayomlipa mwenyewe ni gharama yao. Na yule aliyepokea afahamu kuwa kwake yeye ni pato.

Tano, matengenezo. Ukiziba nyufa za sakafu, ukaezeka upya paa la ghala lililovuja, hiyo ni gharama ya mwaka ule ule.

Sita, faida ya mkopo. Ukikopa kwa ajili ya shamba, ile riba au nyongeza unayolipa juu ya mkopo hutolewa. Lakini rasilmali yenyewe ya mkopo haitolewi, kwani hukuipata kwa kuuza, na kuirejesha si kupata khasara. Masuala ya halali na haramu ya riba kila mtu anayajua kwa dini yake, mimi nasema sheria ya kodi inavyosema.

Saba, na hili wengi hawalijui: kupanda mikarafuu mipya. Kwa kawaida fedha inayotumika kwa kitu cha kudumu haitolewi kwa mkupuo. Lakini mkulima amepewa nafuu. Sheria imeitaja gharama ya kusafisha ardhi ya shamba, ya kuchimba mifereji ya maji, na ya kupanda mimea ya kudumu na miti izaayo matunda, ikaruhusu itolewe. Mche wa mkarafuu hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kumpa mwenyewe chochote. Basi unaponunua miche na kulipa mashimo, usiseme "hii ni ya wajukuu, haihusiki." Inahusika. Iandike.

VITU VYA KUDUMU NA UCHAKAVU

Vipo vitu unavyonunua leo na ukavitumia miaka mingi. Hivi haviandikwi kama magunia. Hutolewa kwa njia ya uchakavu, yaani sheria inakadiria kila mwaka kitu kimechakaa kiasi gani, na kiasi hicho ndicho kinachotolewa. Sheria ya mwaka 2004 imevigawa vitu kwa mafungu. Matatu yanatuhusu zaidi.

Mashine na mitambo inayotumika katika kilimo, kama pampu ya maji, hutolewa thamani yake yote. Pampu ya shilingi 600,000 hutolewa 600,000 mara moja.

Majengo na kazi za kudumu zinazotumika katika kilimo, kama vile ghala, birika la maji au ua wa shamba, hutolewa asilimia 20 kila mwaka kwa miaka mitano. Ukijenga ghala la shilingi milioni 2, kila mwaka unatoa 400,000. Ndiyo maana nimesema ukiezeka upya ghala la zamani ni matengenezo, lakini ukijenga jipya ni jambo jengine.

Gari ndogo ya mzigo hutolewa asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki. Ukinunua gari kwa shilingi milioni 16, mwaka wa kwanza uchakavu wake ni milioni 6. Imebaki milioni 10, na mwaka wa pili uchakavu ni 3,750,000. Hivyo hivyo inashuka.

Angalia lakini: gari ikiwa asubuhi inachukua magunia na jioni inawapeleka jamaa harusini, unatoa sehemu ya shamba tu. Na mafuta yake kadhalika.

GHARAMA ZISIZOTOLEWA

Matumizi ya nyumbani hayatolewi. Chakula cha watoto, ada za skuli, mahari, khitma, safari ya Hija: zote ni wajibu au ni kheri, lakini hazikwenda kutafuta karafuu. Na fedha unayojitolea mwenyewe ukaiita mshahara wako haitolewi pia, maana wewe ndiye mwenye faida. Huwezi kujiajiri ukajilipa kisha ukadai umepata gharama.

Faini haitolewi. Aliyevunja sheria akatozwa asitegemee kodi imfidie. Hongo nayo haitolewi, na anayeiandika katika daftari ameandika ushahidi dhidi yake mwenyewe. Na kodi ya mapato yenyewe si gharama ya kupata mapato.

Sadaka ya mkononi haitolewi. Mchango kwa taasisi ya kheri inayotambuliwa na sheria una mlango wake, nao una mpaka. Anayetaka kuutumia aulize ofisini kabla ya kutoa.

KARATASI

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Ndugu zangu, mauzo yetu hayafichiki. Ukifikisha karafuu kituoni, Shirika linapima, linaandika kilo, linaandika bei, linaandika jina lako, na shilingi moja haipotei. Upande wa mauzo umeandikwa na wenye kalamu. Upande wa gharama hauandikwi na mtu yeyote ila wewe. Usipouandika wewe, machoni mwa hesabu ni kama kwamba karafuu zilijichuma zenyewe, zikajianika, zikatembea kwa miguu hadi kituoni.

Nitawaeleza jambo lililonifika mimi mwenyewe, na nalieleza kwa haya. Mwaka aliofariki marehemu baba yetu, mikarafuu ilizaa sana. Mimi ndiye niliyesimamia shamba kwa niaba ya ndugu zangu wote. Kila jioni nilikaa sakafuni nikiwalipa wachumaji fedha mkononi kwa pishi walizoleta. Nililipa gari, nililipa magunia, nililipa mlinzi. Sikuandika kitu. Nilijiona nina kichwa kizuri, na mimi nimesoma skuli mpaka sekondari!

Msimu ulipokwisha tulikaa kugawana. Karatasi za kituoni zilikuwa mezani na jumla yake imeonekana. Fedha zilizokuwepo hazikufika nusu ya jumla ile. Dada yangu mkubwa akaniuliza kwa upole: "Kaka, hizi nyengine ziko wapi?" Nikaanza kutaja: wachumaji kiasi fulani, gari kiasi fulani. Nilipojumlisha, hesabu yangu haikufika. Nikataja tena, ikazidi. Dada hakusema neno. Nilikuwa tayari kuapa, lakini nikafahamu kuwa kiapo si risiti. Na nilipotakiwa kueleza hesabu za mwaka ule kwa ajili ya kodi, nilikuwa na karatasi za mauzo kamili na karatasi za gharama sifuri. Ikabidi nilipe kwa fungu langu mwenyewe ili mambo yaishe. Fedha ile nimeshaisahau. Kile kimya cha dada sijakisahau.

Tangu siku hiyo najua kuwa daftari la gharama halimjibu mtoza kodi peke yake. Linawajibu na warithi, na washirika, na mke au mume, na nafsi yako usiku. Si bure kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu kuandikiana deni. Na wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila khabari.

JINSI YA KUWEKA DAFTARI

Huhitaji kuwa mhasibu. Nunua daftari moja kubwa. Chora mistari upate safu tano: tarehe, jambo lililolipiwa, jina la aliyelipwa, kiasi, nambari ya karatasi. Upande wa kushoto andika fedha zilizoingia, upande wa kulia zilizotoka. Andika siku ile ile, kabla ya kulala. Hesabu iliyoandikwa baada ya wiki ni kisa, si hesabu.

Kila risiti unayopewa ipe nambari, kisha itie katika bahasha ya mwezi wake. Ukinunua kwa mfanyabiashara anayetakiwa kutoa risiti ya mashine au ya mfumo, ingoje hata kama una haraka. Risiti ya mashine hufifia wino wake ikikaa juani au mfukoni, basi itoe nakala, au ipige picha kwa simu.

Wachumaji hawatoi risiti, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Dawa yake ni orodha ya malipo. Kila siku ya uchumaji chukua karatasi moja, andika tarehe na jina la shamba juu, kisha: jina la mchumaji, pishi alizoleta, bei ya pishi, jumla yake, na mahali pa kutia sahihi. Asiyejua kuandika atie dole gumba. Mwishoni ujumlishe, utie sahihi yako, na ya shahidi mmoja. Mwenye dereva wa gari asiyekuwa na risiti afanye hivyo hivyo: aandike hati ndogo yenye jina, nambari ya gari, safari na kiasi, na dereva atie sahihi.

Ukilipa kwa simu, ule ujumbe wa malipo ni ushahidi mzuri. Usiufute. Na ikiwa katika malipo yako ya karafuu umekatwa chochote, omba karatasi ya makato hayo, kwani huenda yakahesabiwa kwako baadaye.

Weka karatasi hizi kwa miaka isiyopungua mitano. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 ndivyo inavyotaka. Ziweke pasipo mchwa wala mvua.

MFANO WA HESABU KAMILI

Tuchukue mwanachama mkubwa kidogo. Hii ni hesabu ya kujifunzia tu, si ya mtu fulani. Kauza karafuu na makonyo kwa shilingi 20,000,000. Gharama zake ni hizi:

Wachumaji na wachambuaji: 8,000,000
Palizi na ulinzi: 2,600,000
Uchukuzi: 1,500,000
Magunia, kamba na majamvi: 700,000
Miche mipya na kuipanda: 1,200,000
Pampu ya maji: 600,000
Uchakavu wa ghala jipya: 400,000
Jumla ya gharama: 15,000,000

Faida yake ni 5,000,000.

Tutumie viwango vya mwishoni mwa mwaka 2021. Kwa njia ya makadirio, mauzo yake yangetozwa shilingi 450,000 na juu yake asilimia 3.5 ya kilichozidi milioni 14. Kilichozidi ni milioni 6, asilimia 3.5 yake ni 210,000. Jumla ni 660,000.

Kwa njia ya faida: katika milioni 5 toa 3,240,000 zisizotozwa, zinabaki 1,760,000. Fungu hilo lilitozwa asilimia 8, nayo ni 140,800.

Tafauti ni shilingi 519,200. Mlipe mhasibu wako humo, na bado utabaki na fedha ya miche. Lakini tizameni masharti yake. Akipoteza orodha za wachumaji, yaani zile milioni 8, faida yake kwenye karatasi inakuwa milioni 13, na njia aliyoichagua ili kujiokoa ndiyo itakayomuumiza.

Ipo na faida nyengine ya njia hii. Nyote mnajua tabia ya mkarafuu: mwaka mmoja hukupa kwa mikono miwili, kisha miaka miwili mitatu hukunyima. Mwenye hesabu kamili akipata khasara mwaka wa uchache, khasara hiyo haifutiki. Hupelekwa mbele ikatolewa katika faida ya kilimo ya miaka inayofuata. Aliye katika makadirio hana khasara ya kupeleka, maana hesabu yake haikutizama gharama tangu mwanzo.

Nasisitiza tena: viwango hubadilishwa na Bunge, na mara nyingi hubadilishwa wakati wa bajeti ya kila mwaka. Njia nilizozieleza ndizo za kushika. Tarakimu ziulizwe ofisini kila mwaka kabla ya kuamua.

TAREHE ZA KUKUMBUKA

Kwa mwenye mwaka wa hesabu unaoanza Januari na kumalizika Disemba, makadirio ya kodi ya mwaka hupelekwa ifikapo mwisho wa Machi, na kodi hulipwa kwa mafungu manne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Disemba. Aliye katika njia ya hesabu kamili hupeleka hesabu ya mwisho ndani ya miezi sita baada ya mwaka kumalizika. Mwenye kuchelewa hutozwa adhabu na riba, na adhabu, kama tulivyoona, haitolewi.

MASUALI YA KUJIPIMA

1. Umenunua majamvi kumi ya kuanikia, na saruji ya kujengea ghala jipya. Ipi hutolewa yote mwaka huu, na ipi kwa miaka mitano?

2. Umemlipa mwanao wa kiume ujira wa kuchuma sawa na wachumaji wengine, naye katia sahihi katika orodha. Kisha ukampa fedha ya sare ya skuli. Ipi inahusu shamba?

3. Mauzo yako ni milioni 5, gharama milioni 3, na unayo daftari. Mhasibu anataka laki moja na nusu. Kwa viwango tulivyovitumia hapa, utachagua njia gani?

Majibu: La kwanza, majamvi yote mwaka huu, na saruji inaingia katika gharama ya ghala kwa asilimia 20 kila mwaka. La pili, ujira wa kazi aliyoifanya kweli ni gharama ya shamba. Sare ni matumizi ya nyumbani. La tatu, baki katika makadirio ulipe 30,000, kwani kutafuta sifuri kutakugharimu 150,000.

Mzee wetu aliyeuliza, nadhani umepata jibu lako. Na vijana waliocheka, natumai leo watakwenda dukani kununua daftari kabla ya msimu. Mwanachama yeyote anayetaka kuoneshwa jinsi ya kupiga mistari ya daftari au ya orodha ya wachumaji, aje ofisini kwetu na daftari lake, tutakaa naye bila ya malipo. Asione haya, maana na mimi nilijifunza baada ya kupotea.

Wasaalam,
Katibu wa Chama